Hati Safi Haizuii Nondo Kuoza

Tangu Kanuni za Taifa za Ujenzi za 2024 zianze kutumika Machi 2025 na kuziondoa zile za 1968, jibu moja limekuwa jepesi midomoni mwa madalali wa Mombasa. Mnunuzi anasimama sebuleni, anaona doa la maji darini au ufa juu ya dirisha, anauliza. Anaambiwa asiwe na wasiwasi, siku hizi serikali imekaza, majengo yanakaguliwa, na nyumba mbovu isingepata cheti. Wengi wanaridhika, na hata watu wenye elimu ya kutosha wanalirudia jibu hilo wao kwa wao. Naona limetokana na kutoelewa ukaguzi wa nyumba ni kitu gani, nani anaufanya, na kwa manufaa ya nani. Kanuni mpya ni hatua njema na zilichelewa mno, lakini hazimkagulii mtu nyumba anayotaka kununua. Ukaguzi unaomlinda anayetoa akiba ya miaka kumi ni ule aliouagiza yeye, akaulipia yeye, na ukamalizika kabla ya arubuni kutoka mfukoni. Hapa kwetu, ambapo chumvi inakula jengo kutoka ndani, na ambapo nyumba na ardhi iliyo chini yake huweza kuwa za watu wawili tofauti, ukaguzi huo si anasa.

Tuanze na kile ambacho mnunuzi wa Mombasa hukikagua kwa bidii: karatasi. Ana sababu nzuri. Pwani imeumizwa sana na mambo ya ardhi. Hati mbili za ploti moja, warithi wanaojitokeza baada ya mauziano, wenye shamba wasioonekana kwa miaka halafu wanarudi na wakili. Kwa hiyo mtu mwangalifu humtuma wakili kwa msajili wa ardhi kufanya upekuzi, huhakikisha hakuna zuio wala deni la benki juu ya mali, hulipa asilimia 10 ya bei wakati wa kutia saini, hungoja siku 90 hivi za kukamilisha, hulipa ushuru wa stempu wa asilimia 4 kwa mali ya mjini, na akikabidhiwa funguo hujiona amemaliza. Katika safari yote hiyo hakuna aliyepanda juu ya paa. Hakuna aliyefunua chemba ya maji taka. Mkataba wenyewe mara nyingi una kifungu kinachosema mnunuzi ameiona mali na anaichukua jinsi ilivyo, na hicho ndicho kifungu kinachosomwa haraka kuliko vyote. Uzito wake ni mkubwa: muuzaji akikudanganya kwa kauli unaweza kumshtaki, lakini akinyamaza tu juu ya kasoro ambayo ungeiona kama ungeangalia, hasara ni yako. Majimbo mengi ya Marekani yana fomu ya lazima ambayo muuzaji hujaza kueleza nyumba yake ina matatizo gani; Kenya haina.

Hapo ndipo watu huchanganya kaguzi tatu. Wa kwanza ni wa serikali. Kaunti huidhinisha ramani chini ya sheria ya mipango ya ardhi ya 2019, Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi husajili mradi na mkandarasi, na jengo likikamilika hutolewa cheti cha kuruhusu watu kuhamia. Kazi hiyo inalinda umma, na inalitazama jengo kama lilivyokuwa siku ile. Haisemi lolote juu ya nyumba hiyohiyo baada ya miaka 15 ya upepo wa bahari, wala juu ya ghorofa iliyoongezwa baadaye bila mtu kuulizwa, na kwa nyumba nyingi za Kisauni, Likoni au Mishomoroni hakuna hata cheti cha kutazama. Isitoshe, serikali inaweza kukagua, ikaona ubovu, na aliye ndani asinufaike kwa lolote. Jengo la Huruma jijini Nairobi, lililoanguka usiku wa tarehe 29 Aprili 2016 na kuua watu karibu 50, lilikuwa limeshaorodheshwa kubomolewa. Na bado lilikuwa limejaa wapangaji.

Wa pili ni wa benki. Ukiomba mkopo, benki humtuma mthamini aliyesajiliwa, naye huenda na swali moja: ikilazimika kuiuza nyumba hii, benki itapata fedha zake? Hutazama eneo, ukubwa, bei za majirani, na hali ya jengo kwa jicho la juujuu. Ripoti ni ya benki ingawa ada yake huitoa mkopaji, na mara nyingi mkopaji haioni. Nimesikia watu wakisema kwa fahari kwamba benki imeipitisha nyumba yao. Kilichopitishwa ni dhamana ya mkopo.

Wa tatu ndio ninaouzungumzia, na ndio usiojulikana. Huko Marekani, ambako desturi hii imekomaa, mnunuzi akishapatana bei na muuzaji huwa na siku chache za kumleta mkaguzi wake. Mkaguzi hutazama paa, msingi, mabomba, umeme na mitambo ya joto na baridi, hukaa saa mbili tatu, kisha huandika ripoti yenye picha. Habomoi ukuta wala hahamishi kabati. Hueleza kinachoonekana na kufikika siku hiyo, na akiona dalili ya jambo zito hushauri aitwe bingwa. Ripoti haina kufaulu wala kufeli. Mnunuzi hutoka nayo akiwa na njia nne: anunue vilevile, aombe bei ishuke, aombe matengenezo kwanza, au ajitoe na kurudishiwa amana yake ikiwa mkataba ulimruhusu. Wakati wa pupa ya nyumba ya 2020 na 2021 wengi huko waliacha ukaguzi ili muuzaji awapendelee wao. Jimbo la Massachusetts, kuanzia tarehe 15 Oktoba 2025, limemkataza muuzaji kumtaka mnunuzi aache ukaguzi kama sharti la kumuuzia. Nautaja mfano huo kwa sababu ni nchi iliyozoea kanuni za ujenzi kwa vizazi, na hata hivyo desturi yao haikuzichukua kanuni kuwa badala ya macho ya mnunuzi.

Sasa tuje nyumbani, maana nyumba ya Mombasa haiugui kama ya Nairobi wala ya Boston. Adui wa kwanza ni chumvi. Nondo iliyozama ndani ya zege hulindwa na saruji yenyewe, ambayo huizuia isishike kutu. Chumvi ikiingia, kinga hiyo huvunjika. Na huingia kwa njia tatu: hewa ya bahari inayopiga ukuta mwaka mzima, mchanga wa pwani usiooshwa, na maji ya kisima ya chumvi yaliyokorogea zege siku ambazo mfereji ulikuwa mkavu. Mbili za mwisho ndizo mbaya zaidi, kwa sababu nyumba huzaliwa nazo. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, kwa hiyo nondo huvimba, zege hupasuka kwa mstari unaoifuata nondo, halafu hubanduka vipande vipande. Kwenye chumba kikavu huko bara, tabaka la zege la milimita 20 au 25 juu ya nondo linaweza kutosha. Karibu na bahari wahandisi hutaka 40 au zaidi, na hapo ndipo fundi anayebana gharama hupunguza. Hayo yote hayaonekani wiki ambayo nyumba imepakwa rangi, na nyumba inayouzwa Mombasa mara nyingi imetoka kupakwa rangi.

Mwaka jana nilimsindikiza jamaa yangu kuona fleti Tudor, ghorofa ya tatu, akiwa na mhandisi aliyemlipa kwa kazi ya siku moja. Kuta zilikuwa nyeupe pe. Mhandisi alipita sebuleni bila neno, akatoka kwenye roshani, akachomoa nyundo ndogo na kuanza kugonga juu ya kichwa chake, chini ya roshani ya jirani wa juu, kidogo kidogo kutoka ukutani kwenda ukingoni. Karibu na ukuta sauti ilikuwa kavu na kali. Kwenye ukingo ikageuka, ikawa nzito yenye uwazi ndani. Akaomba ruhusa ya kukwangua, na chini ya rangi na plasta nyembamba ikatokea nondo ya kahawia iliyobaki kama nusu ya unene wake. Muuzaji, mzee wa watu mstaarabu, alishtuka kweli. Fundi wake alikuwa amemwambia ni plasta tu. Jamaa yangu aliinunua nyumba ile, kwa bei iliyopunguzwa gharama ya kutengeneza roshani, na wakaagana vizuri. Wanaodhani ukaguzi ni njia ya kuvunja mauziano wangekuwapo siku ile, wangeona ulivyowasaidia watu wawili kukubaliana juu ya kitu walichokijua wote.

Yako mengine ya kutazamwa ambayo orodha za kigeni hazina. Mombasa inakunywa maji ya mbali, ya Mzima, Baricho, Marere na Tiwi, na mgao ni jambo la kawaida. Kuwepo kwa mfereji hakutoshi. Uliza unatoa maji siku ngapi kwa wiki, tanki la chini lina ujazo gani na lina nyufa au la, na maji ya kisima yana chumvi kiasi gani, maana mabomba ya chuma yanayoyapitisha huoza kutoka ndani. Sehemu kubwa ya mji haijaunganishwa na mabomba ya maji taka. Kuna shimo mahali fulani, na mwamba wetu ni wa matumbawe, wenye vitundu na mapango madogo madogo. Maji taka hupenya humo upesi na kufika kisimani kwa jirani au kwako mwenyewe. Mkaguzi asiyeuliza shimo liko wapi na kisima kiko wapi hajakagua nyumba ya Mombasa. Umeme naupita haraka: kama hakuna waya wa ardhi unaofanya kazi na swichi za kujikata, hesabu gharama ya kuuweka upya. Mji wa Kale nao una mambo yake, kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, dari za boriti za mikoko. Fundi akipaka plasta ya saruji juu ya ukuta wa chokaa anaufungia unyevu ndani, na ncha za boriti zilizoingia ukutani huoza bila kuonekana. Tena eneo hilo linahifadhiwa, mwenye nyumba habomoi na kujenga apendavyo, kwa hiyo ukarabati wa kufuata masharti lazima uingizwe kwenye bei. Halafu kuna msimu. Anayeonyeshwa nyumba Februari, kaskazi ikivuma na jua likiwaka, ataiona kavu. Arudi Mei, masika yakiwa yamekolea, aone maji yanatuama wapi.

Lakini linaloufanya ukaguzi wa hapa uwe mgumu kuliko wa kwingine ni ardhi. Katika Majengo, Kisauni, Likoni na Changamwe kuna familia nyingi ambazo nyumba ni yao na ardhi ni ya mwenye shamba, wakimlipa kodi ya ardhi. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati na uani nyuma, huuzwa na kurithiwa hivyo, kwa hati iliyoandikwa mbele ya wakili au wazee wa mtaa. Hapo ripoti nzuri ya mhandisi haimfai mtu ikiwa mwenye ardhi hajulikani, kodi haijalipwa kwa miaka, au kuna kesi ya kuwaondoa watu. Na mambo haya mawili, ardhi na jengo, yamefungana kuliko tunavyodhani. Shamba la Waitiki kule Likoni lilikaa kwenye mgogoro kwa miaka mingi mpaka wakaazi walipoanza kupewa hati Januari 2016. Mtu anayeishi na hofu ya kubomolewa hatii fedha kwenye msingi. Anajenga cha kumsitiri leo. Akija kupata hati, ukuta ule mwepesi haubadiliki, na mara nyingi huongezewa ghorofa juu yake kwa sababu sasa ana uhakika. Kwa hiyo hati mpya inaweza kuwa ishara ya kukagua msingi kwa makini zaidi. Wengi huichukua kinyume chake.

Upande wa pili una hoja zake, na mbili kati yake nazipa uzito. Ya kwanza ni gharama. Kwa anayenunua nyumba ya shilingi milioni 8 hoja hii haisimami: ushuru wa stempu peke yake ni 320,000 na arubuni ni 800,000, na ada ya mhandisi wa siku moja haikaribii hata kiasi cha kwanza. Lakini kwa familia inayonunua nyumba ya laki sita isiyo na ardhi, kila elfu inauma, na kuwaambia watafute mhandisi ni rahisi kwa anayeandika kuliko kwa wao. Kwao napendekeza kinachowezekana: fundi muashi mwenye umri, asiyejuana na muuzaji wala dalali, na mhandisi aitwe kwa jambo moja tu ambalo fundi amelitilia shaka. Ya pili ni swali la nani akague. Kenya ina bodi ya wahandisi, bodi ya wasanifu na wakadiriaji wa majenzi, na bodi ya wathamini. Haina taaluma iliyosajiliwa ya mkaguzi wa nyumba. Yeyote anaweza kujiita hivyo, na fundi anayekagua akitumaini kupewa kazi ya kutengeneza atakuta mengi ya kutengeneza. Hili ni pengo la kweli. Mpaka lizibwe, mnunuzi ajiwekee masharti mawili: anayekagua awe kwenye orodha ya bodi yake, na asiwe yule atakayetengeneza wala aliyeletwa na dalali.

Hoja dhaifu kuliko zote, na inayopendwa kuliko zote, ni kwamba nyumba imesimama miaka 30 na haijamwangusha mtu. Inasikika kama ushahidi. Ukirudi kwenye chumvi na nondo utaona kwamba miaka hiyo ndiyo inayotakiwa ili ubovu ukamilike: chumvi huchukua miaka kufika kwenye chuma, kutu huchukua miaka mingine kulipasua zege, na kwa muda huo wote nyumba husimama vilevile. Kusimama kwa jana hakupimi uzito wa kesho, hasa mnunuzi anapopanga kuweka tanki la lita 5,000 juu ya paa, ambalo likijaa ni tani tano. Pacha wa hoja hiyo ni kwamba nyumba mpya haihitaji kuangaliwa. Nyumba mpya ndiyo yenye nafasi nzuri, kwa kuwa mkandarasi bado yuko na malipo ya mwisho hayajatolewa. Na anayenunua fleti chini ya sheria ya 2020 ya mali za sehemu, ile inayoipa kila fleti hati yake, ajue hanunui vyumba vyake peke yake. Paa, nguzo, ngazi, tanki na shimo ni vya wenye fleti wote, na vikiharibika watachanga wote. Kukagua jikoni na bafu la ghorofa ya pili bila kupanda juu ya jengo ni kukagua sehemu ndogo ya kile unachokilipia.

Hoja ya kwamba mnunuzi akichelewa mwingine atalipa ni ya kweli kwa nyumba nzuri za bei ya chini, na siwezi kuikataa. Kinachosaidia ni haraka. Ukaguzi ni kazi ya siku moja na ripoti ya siku chache, na mhandisi anaweza kutafutwa kabla hata nyumba haijapatikana. Hapa muuzaji naye ana maslahi yake ambayo hayatajwi. Akikagua kabla ya kutangaza, anaijua bei yake, anatengeneza kwa fundi wake mwenyewe, na hapangi maisha yake juu ya mnunuzi atakayejitoa siku ya 60 baada ya kuona dari inavuja.

Wanaohitaji jambo hili zaidi ni walio mbali. Mtu yuko Doha au Jeddah, anatuma fedha kwa awamu, na macho yake ni binamu mwenye simu. Video ya simu inaonyesha rangi, vigae na upepo mzuri wa barazani. Haisikizi nyundo. Binamu naye, hata akiwa mwaminifu kabisa, hajui atazame wapi, na lawama zikija zinavunja undugu. Ripoti iliyotiwa saini na mhandisi inamwondolea mzigo ambao hakupaswa kubebeshwa.

Kwa hiyo kazi kubwa sioni kama ni ya serikali. Vyama vya akiba na mikopo vinavyowakopesha wanachama kununua nyumba vinaweza kupatana na wahandisi kwa ada ya pamoja, na benki zimpe mkopaji nakala ya ripoti aliyoilipia. Kaunti irahisishe mnunuzi kuona ramani iliyoidhinishwa, ili ajue jengo la ghorofa sita liliruhusiwa kuwa na ngapi. Lakini ufunguo uko kwa mawakili wa Mombasa, maana wao ndio wanaoandika mikataba. Muuzaji asipokubali ukaguzi kabla ya arubuni, kifungu cha mistari michache kinatosha: arubuni ikae kwa wakili kama amana ya pande zote mbili, mnunuzi apewe siku 14 za kumleta mhandisi aliyesajiliwa, paa, matanki na chemba zifunguliwe, na ripoti ikionyesha kasoro ya nguzo, mihimili au msingi inayozidi kiasi walichopatana, arubuni irudi yote bila makato. Muuzaji akikikataa kifungu hicho, wakili amshauri mteja wake asitie saini.